Siku Uliyofika Kileleni Bila Mimi

Mama yangu,

Shikamoo. Najua waliolala kaburini hawaitikii, lakini sijawahi kuanza kuzungumza na wewe bila kukuamkia, na sitaanza leo. Asubuhi nimepalilia kaburi lako hapa kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, nikageuza ndoo na kuikalia katikati ya migomba na mibuni yako, nikaanza kuandika. Mwaka umepita tangu tukuzike. Ile safari yetu ya mlimani tuliizungumza mara nyingi ulipokuwa hai, ila kila mara kwa vipande, wewe na chako, mimi na changu. Sijawahi kukusimulia upande wangu wote kwa mfululizo.

Ilianza Jumapili moja mchana. Ulikuwa unamenya ndizi za mtori, mimi nimekaa kwenye ngazi ya jiko, midomo imepasuka kwa baridi kwa sababu nilikuwa nimeshuka na wageni siku iliyotangulia. Ukasema bila kuinua uso, "Safari ijayo nakwenda na wewe."

"Moshi unakwenda kufanya nini?"

"Nimesema Moshi?" Ukaelekeza kisu juu, kupitia upenyo wa majani ya migomba, upande ulipo mlima. Siku hiyo hata haukuonekana, mawingu yalikuwa yameufunika. Nilicheka. Wewe uliendelea kumenya.

Ulikuwa na miaka sitini na mbili. Ulizaliwa Tarakea, ukaolewa huku Marangu, na katika maisha yako yote hukuwahi kulala mahali ambapo mlima ule haukuwa juu yako. Hata hivyo ulikuwa hujawahi kuvuka msitu. Kwako wewe mlima ulikuwa kitu cha kutazama ili kujua kama mvua inakuja, na baadaye ukawa kitu kilichokuchukulia binti.

Maana kazi yangu hukuipenda, Mama, na hilo tusilifiche. Nilipopata leseni ya kuongoza watalii uliniuliza swali moja tu: "Na usiku mnalala wapi?" Nilikueleza habari za vibanda na mahema. Kwa miaka sita uliwaambia akina mama wa kanisani kwamba nafanya kazi hotelini Moshi. Nilijua. Mama Aika, jirani yetu, aliwahi kuniuliza kama hoteli yetu inapokea harusi, nikamjibu kwamba ndiyo, inapokea. Nilikulindia uongo wako, lakini uliniuma. Nilikuwa naongoza watu kutoka nchi nyingi kwenda juu kabisa ya Afrika na kuwarudisha wakiwa salama, na nyumbani kwetu nilikuwa mhudumu wa hoteli.

Kwa hiyo uliposema unataka kupanda, nilidhani unakuja kunichunguza. Nilikubali kwa hasira kidogo. Nilijisemea, basi njoo uone.

Tulikwenda Moshi kukutafutia viatu kwenye mitumba. Ulijaribu jozi nyingi sana, ukitembea nazo juu ya gunia lililotandikwa chini kama bibi harusi anayezoea kiatu. Muuzaji alipokuuliza unakwenda wapi ulimjibu, "Kwa jirani." Nilipoanza kukueleza habari za mazoezi ulinikata kauli. "Mimi nimepanda kutoka kule tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani miaka thelathini. Hao wageni wako wamebeba nini?"

Tulipanda kwa njia ya Marangu, siku saba. Kati ya wote tuliokuwa nao, anayehitaji kutajwa ni Ombeni, msaidizi wangu, mtu wa makamo kutoka Mamba, mpole na mwenye maneno machache. Siku ya kwanza, ndani ya msitu, alikuwa anakukumbusha kila baada ya muda, "Polepole, Mama, polepole." Ukamwambia, "Baba, polepole gani tena? Kuku wangu anatembea hivi akitafuta pa kutagia." Wapagazi waliokuwa wanatupita na mizigo walicheka mpaka wakasimama. Waliposhika njia tena, mmoja alinipungia mkono akasema, "Tutawakuta kambini, Kamanda."

Uligeuka ukanitazama. "Kamanda ni nani?"

"Ni mimi."

Kuanzia hapo niliona unanitazama. Ulinitazama nikigawa mizigo asubuhi. Ulinitazama nikipima pumzi za watu kwa kile kifaa cha kidoleni, nikimrudisha mpagazi aliyekuwa anakohoa na yeye anasihi aendelee. Pale Horombo, siku ya mapumziko, ulikaa juani mbele ya kibanda na uji wako, mawingu yametandazwa chini yetu kama pamba iliyoanikwa, ukasema, "Hata mimi nikikohoa utanirudisha?"

"Nitakurudisha."

"Hata nikilia?"

"Hata ukilia, Mama."

Uliitikia kwa kichwa, ukanywa uji. Nilidhani umeudhika. Miezi mingi baadaye uliniambia kwamba hapo ndipo ulipoacha kuogopa.

Siku ya nne tulivuka ule uwanda mkavu ulio kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo. Mimi nimeuvuka mara nyingi kiasi kwamba mara nyingine napita nikiwaza mambo ya nyumbani. Siku hiyo nilitembea nyuma yako. Hakuna mti pale, hakuna hata majani ya kumtosha mbuzi, mawe tu na upepo, na Kibo imesimama mbele, kubwa, na haisogei hata utembee saa ngapi. Ulisimama katikati ya uwanda ukazunguka polepole, ukitazama kila upande. Nilikuuliza kama umechoka. "Nyamaza kwanza," ulisema. Nikanyamaza. Wapagazi walitupita wakawa wadogo kama sisimizi, na bado ulikuwa umesimama. Kisha ukasema kwa sauti ndogo, "Kumbe tulikuwa tunaona ncha ya kidole tu." Ukaendelea kutembea.

Wageni wengi huondoka kibanda cha Kibo usiku wa manane ili jua liwakute juu. Wewe nilikuacha ulale. Tuliondoka saa kumi alfajiri, wewe, mimi na Ombeni, kwa sababu sikutaka baridi ya usiku ikupate mifupani, na kwa sababu hukuwa na haraka ya kumfurahisha mtu. Mgongoni nilibeba chupa ndogo ya oksijeni. Niliibeba kwa ajili yako na sikukuambia.

Jua lilichomoza nyuma ya Mawenzi tukiwa kwenye changarawe, pale ambapo unapiga hatua mbili unateleza moja. Ulikuwa unahesabu hatua kwa Kichagga, ishirini, unapumzika, ishirini tena. Nilikupima kidole, namba zako zilikuwa nzuri kuliko za Ombeni. Saa tatu asubuhi ukingo wa kreta ulikuwa juu yetu, tunauona kila jiwe. Nilianza kuamini, Mama. Nilianza hata kupanga uso nitakaoweka mbele yako tukifika.

Ndipo tulipomkuta Elibariki. Unamkumbuka, kiongozi wa kundi lingine ambaye nimefanya naye kazi zamani. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mwamba, amemshika mgeni wake, mwanaume mrefu wa makamo. Wenzao walikuwa wameshateremka na msaidizi wake kabla hali haijabadilika, na simu yake ilikuwa imezimwa na baridi. Nilimsikia yule mgeni kabla sijamwona vizuri. Kifua chake kilikuwa kinachemka kama sufuria ya uji. Midomo ilikuwa ya bluu. Nilimwuliza jina lake, akanitajia jina la mji.

"Hawezi kusimama," Elibariki aliniambia. "Peke yangu nitamwangusha."

Nilijua kinachotakiwa. Mtu yule alihitaji oksijeni palepale, na alihitaji watu wawili wa kumteremsha, mmoja wao awe anajua kuangalia mapafu yanayojaa maji. Ombeni alikuwa na nguvu lakini hakuwa na mafunzo hayo. Nilijua yote hayo na bado nilisimama. Mkono wangu ulikuwa kwenye mkanda wa begi, na haukusogea, kwa sababu ile chupa ilikuwa yako.

Wewe ulikuwa umeegemea fimbo zako, unahema, unatutazama. "Una nini humo begini unachokishika hivyo?" uliuliza.

"Hewa. Niliibeba kwa ajili yako."

"Mimi napumua. Mpe."

"Mama, nikimpa itabidi nishuke naye."

"Sasa unasubiri nini? Huyu naye ana mama yake mahali. Nenda."

Nilifungua begi. Nilimvalisha barakoa, nikafungua hewa, nikakuambia huku sikutazami, "Basi tushuke wote. Tutarudi mwakani." Na wewe, Mama yangu, uliyevaa viatu vya mitumba na kilemba chini ya kofia ya sufu, ulinijibu, "Mimi huko chini hakuna aliyeniita."

Nilitaka kukukatalia, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa kiongozi. Nilikupima kidole tena, nikakutembeza hatua kumi kwa mstari ulionyooka, nikakuuliza jina la ng'ombe wako na siku ya wiki. Ulijibu yote kwa dharau. Sikuwa na sababu ya kukurudisha isipokuwa woga wangu, na woga wangu sio kipimo. Nikamwambia Ombeni, "Akijikwaa mara moja bila sababu, unageuka naye. Usibishane naye, geuka." Ombeni akasema, "Nimekusikia, dada." Nikakuacha, nikaweka mkono wa yule mgeni begani kwangu, tukaanza kuteremka.

Sikugeuka nyuma mpaka tulipofika mbali. Nilipogeuka niliwaona wawili, nukta ya bluu na nukta nyekundu, mnasogea kama hamsogei. Mara ya pili nilipogeuka mlikuwa kwenye ukingo. Mara ya tatu hamkuwepo.

Yule mgeni tulimfikisha kibanda cha Kibo, watu wa uokoaji wakamchukua kwa machela ya gurudumu moja. Alilazwa juu yake akiwa bado amenishika kidole, ikabidi Elibariki amfungue vidole kimoja kimoja. Baada ya siku chache nilipata habari kwamba yuko hospitali Moshi na anapumua vizuri. Lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kumfikiria. Nilikaa juu ya jiwe mbele ya kibanda nikitazama ukingo. Saa sita. Saa saba. Saa nane ukungu ukashuka ukafuta kila kitu kuanzia katikati ya changarawe kwenda juu. Nilimpigia Ombeni, simu haikupatikana. Nimewasubirisha watu wengi chini ya mlima ule, Mama, wake za watu na waume za watu, nikawaambia wasiwe na wasiwasi. Siku hiyo nilijua nilikuwa nawaambia kitu gani.

Saa kumi jioni nikasikia changarawe. Halafu nikakusikia wewe, kabla sijakuona, unamwambia Ombeni kwamba magoti yake yanalia kuliko ya mzee. Mlitoka ndani ya ukungu mkiwa wa kijivu kutoka kichwani hadi miguuni kama watu waliochotwa majivuni. Nilikimbia. Sikukuuliza kitu, nilikushika tu. Ulinuka vumbi na jasho na tangawizi. Ulisema, "Yule mtu?"

"Yuko hai."

"Haya." Ukaomba uji, ukanywa vikombe viwili, ukalala na viatu miguuni.

Ombeni ndiye aliyenisimulia jioni ile, na unajua Ombeni hapambi maneno. Alisema mlitembea kutoka ukingoni mpaka kileleni bila wewe kusema neno lolote. Mlipofika kwenye kibao cha kilele, hakuna mtu mwingine aliyekuwepo, maana wageni wa usiku walikuwa wameshashuka zamani. Alitaka kukupiga picha, simu ikawa imezima. Alisema wewe ulikipita kile kibao kama hukukiona. Ukaenda mpaka pale barafu inapoonekana vizuri, ukavua kofia, ukashika kilemba, ukainama kidogo kwa magoti.

"Akasema shikamoo," Ombeni aliniambia. "Nilidhani kuna mtu nyuma yangu. Nikageuka. Hapakuwa na mtu, dada. Aliuamkia mlima." Kisha akaongeza, "Mimi nimepanda kule miaka kumi na nane. Sikujua kwamba tulikuwa tunaingia bila hodi."

Kesho yake tukarudi kwa kuvuka uwanda, na sasa ulikuwa na maneno. Mimi niliyefika kule juu mara zisizohesabika niliusikia mlima kwako kana kwamba sijawahi kufika. Uliniambia barafu sio nyeupe, ukiisogelea ina bluu ndani kama mshipa wa mkono. Uliniambia ni ndefu kama ukuta wa kanisa lisilo na mlango, na kwamba inadondosha maji. "Nilisikiliza. Tone, halafu kimya kirefu, halafu tone. Nikasema, kumbe wewe nawe unachoka." Uliniambia ulitafuta Tarakea, ukatafuta Marangu, ukatafuta hata moshi wa jiko la mtu, ukaona mawingu tu, na juu ya mawingu hakuna kitu, ila mbingu tu, nyeusi kidogo hata mchana. "Nilimtaja Mungu kwa jina lake la Kichagga, Ruwa. Niliona nikimtaja kwa Kiswahili nitakuwa naongea kama mgeni."

Tulitembea. Kisha ukasema, kama mtu anayekumbuka kununua chumvi, "Daktari wa macho alisema yanakwisha. Presha ya macho. Alisema mwaka, labda miwili."

Nilisimama. "Lini alisema hivyo?"

"Kabla ya siku ile ya mtori."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikatalia."

"Ningekukatalia, ndiyo."

"Sasa unaona." Ulinishika mkono, na mkono wako ulikuwa mkavu na wenye joto. "Nilijiuliza, katika vitu vyote nikione kipi kwanza kabla hayajafungwa? Nikaona bora kile kilicho kikubwa. Na pia nilitaka kukuona wewe. Kwenye kazi yako. Nimekuona. Pale nyuma ya mwamba nilikuona vizuri kabisa."

Nililia, Mama, na upepo wa uwandani ukayakausha machozi kabla hayajafika shavuni. Wewe hukulia. Ulisema tu kwamba miguu yako inataka maji ya moto.

Jumapili iliyofuata ulisimama kanisani wakati wa matangazo. Sikuwa najua. Ulikuwa na magamba ya jua puani na midomo imepasuka kama yangu. Ulisema unataka kumshukuru Mungu kwa safari, halafu ukasema, "Na nataka kusahihisha jambo. Binti yangu hafanyi kazi hotelini. Hajawahi. Anaongoza watu mlimani, na nimemwona akimwokoa mtu." Ukakaa. Kanisa zima likageuka kunitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Mama Aika alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Macho yako yalifungwa kama daktari alivyosema, jicho la kushoto kwanza. Mwaka wako wa mwisho ulikuwa unakaa barazani kila asubuhi, unauliza yeyote anayepita, "Leo umetoka?" Wakikuambia mlima umetoka, uliwaeleza wanachokiona. Upande wa kulia pana bonde, juu yake barafu, nyuma ya barafu kuna shimo kubwa lenye majivu ambalo ninyi hamlioni. Watu waliozaliwa hapa, wenye macho yao mazima, walisimama wakasikiliza. Nami nilisimama nyuma ya mlango. Hivyo ndivyo ninavyokukosa sasa. Nikitoka asubuhi na mlima uko wazi, hakuna wa kunieleza ninachokiona.

Ugonjwa ulipokuchukua ulikuchukua haraka, na kwa hilo nashukuru. Bado kuna jambo moja ambalo sijalizoea. Nimewafikisha watu wengi kileleni, nimeona nyuso zao pale, wengine wanacheka, wengine wanapiga magoti, wengine wanapiga simu nyumbani. Uso wako sikuuona. Namwomba Ombeni anieleze ulikuwaje, naye hujibu jibu lilelile: "Ulikuwa uso wa mtu aliyefika mahali pakubwa." Najua hana maneno mengine, na nadhani hayapo.

Nilichokaa hapa kukuambia ni hiki. Kesho asubuhi natoka na akina mama wanane wa kanisani kwetu. Mama Aika yumo, anatimiza miaka sitini na tano. Walikuja wenyewe, jioni moja, wakakaa barazani pale ulipokuwa unakaa wewe, wakaniambia wamejadiliana. Wamefanya mazoezi miezi mitatu, wamepimwa hospitali, macho na presha na moyo, nimehakikisha. Wametafuta viatu. Jana Mama Aika aliniuliza kama kule juu pumzi inatosha kuimba. Nilimwambia inatosha mstari mmoja, halafu unapumzika, halafu mwingine. Akasema basi wataimba hivyo.

Ombeni tunaye. Nimebeba chupa mbili za hewa. Tutaondoka Kibo saa kumi alfajiri, kwa sababu hao nao hawana haraka ya kumfurahisha mtu. Na nimeshaamua nitakachofanya. Tukikaribia kileleni nitawatangulia hatua chache, nitasimama, nitaupa mlima mgongo. Nitakuwa natazama nyuso zao wanapofika.

Lala salama, Mama. Migomba yako nimeiwekea samadi.

Mimi binti yako, kitinda mimba wako